WAKUU WA VYUO VIKUU VYA ULAYA NA NJIA WALIZOPITA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)

Bwana Mwenyekiti, na ninyi ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita ilitolewa hoja kwamba viti vya kamati yetu vishikwe tangu sasa na wale tu walio na hati za juu za shule. Walioiunga mkono walisema kwamba hivyo ndivyo Ulaya ifanyavyo: ati kule aliyesoma kuliko wenziwe ndiye akaaye kitini, na vyuo vikuu vyao ndio mfano wa wazi. Walioipinga hawakuwa na la kujibu juu ya Ulaya. Ndipo kamati ikatutaka tutafute habari za wanaoongoza vyuo hivyo, walianzia wapi, walipandaje, na kisomo chao kiliwafaa nini walipofika juu. Hoja yenyewe itapigiwa kura mwezi ujao. Leo twaleta habari, ingawa hatutaficha maoni yetu. Na kwa kuwa sisi tunaosema tu miongoni mwa wenye hati hizo, asiwepo wa kudhani kwamba twasema kwa wivu.

Kwanza yafaa tuondoe matata ya majina. Katika Uingereza mtu aitwaye Chansela, yaani Mkuu wa Chuo, siye mwendeshaji wa kazi. Huko Oxford wahitimu na watumishi wa chuo walimchagua William Hague mwaka 2024, mtu wa siasa aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nchi za nje. Yeye huvaa joho na kukaa mbele siku za sherehe. Mwenye mafaili mezani ni Makamu wake, Vaisi-Chansela. Ujerumani mtu huyo huitwa rekta au rais. Ufaransa humwita rais, naye huchaguliwa na baraza la chuo kwa miaka 4. Twasema juu ya hao wenye mafaili, si juu ya wenye majoho.

Zamani mambo yalikuwa mengine kabisa. Huko Bologna, katika Italia, chuo ambacho kwa mapokeo huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, rekta alikuwa mwanafunzi aliyechaguliwa na wanafunzi. Wao ndio waliowalipa walimu, na mwalimu aliyechelewa kuanza somo alitozwa faini. (Wako walimu tuliowajua ambao wangefilisika kwa juma moja.) Paris ilishika njia nyingine, walimu ndio waliokuwa chama chenyewe, na hiyo ndiyo iliyoshinda katika nchi nyingi za kaskazini.

Lakini Ujerumani ndiko tutakakokaa zaidi, kwa sababu ngazi yake ya kisomo ndiyo iliyosifiwa na kuigwa duniani, na kwa sababu huko ndiko ilikopimwa kwa moto.

Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa mwaka 1810. Kijana aliyetaka kufika juu alipaswa kupata kwanza udaktari kwa kuandika kitabu cha uchunguzi. Kisha aandike kitabu cha pili, kikubwa kuliko kile, ndipo aruhusiwe kufundisha. Hata hapo hakuwa na mshahara wa kudumu. Aliishi kwa ada ndogo za wanafunzi waliokuja kumsikiliza, akingoja wito. Wito huo ulikuwa barua kutoka chuo kingine ya kumwita ashike kiti cha profesa, maana kwa desturi mtu hakupandishwa katika chuo chake mwenyewe, asije akapendelewa na waliomlea. Wengine walingoja hata wakaota mvi. Aliyepata kiti alikuwa mtumishi wa serikali wa maisha, mwenye pensheni. Neno hili mlishike, maana tutalirudia.

Na rekta je? Maprofesa walimchagua mmoja wao, akashika mwaka mmoja, akarudi darasani. Hegel, mwanafalsafa, alishika Berlin mwaka 1829 hadi 1830. Max Planck, bingwa wa fizikia, mwaka 1913 hadi 1914. Hakuna aliyeifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Ilikuwa zamu, mfano wa zamu ya kulinda shamba.

Ngazi hiyo haikuwa ya kila mtu. Katika dola ya Prussia wanawake hawakuandikishwa kuwa wanafunzi kamili hata mwaka 1908, wala hawakuruhusiwa kutafuta ile idhini ya kufundisha hata mwaka 1920. Na yuko mtu wa pwani yetu aliyesimama chini ya ngazi hiyo akaitazama. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa habari za desturi za Waswahili, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika shule ya lugha za mashariki iliyoambatana na chuo kikuu. Walimu wa kigeni kama yeye walikuwa wasaidizi wa lugha tu. Wadachi walioandika vitabu kwa maarifa yao wakapanda, wao hawakupanda. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, wala kiti hakukiona.

Sasa twafika mwaka 1933. Tarehe 30 Januari Hitler alishika serikali, na tarehe 7 Aprili ikatoka sheria. Jina lake ndugu wanachama walisikie vyema: ilikuwa sheria ya kurejesha utumishi wa serikali. Haikuwa sheria ya vyuo. Ilikuwa sheria ya watumishi kama sisi, nayo iliwafikia maprofesa kwa sababu maprofesa walikuwa watumishi. Ilisema kwamba mtumishi asiye wa damu ya Kiaria aondolewe, isipokuwa aliyekuwa kazini kabla ya Agosti 1914 au aliyepigana mstari wa mbele katika vita ile. Zikapelekwa fomu. Kila mtu ajaze habari za baba, mama, babu na bibi. Makarani walizigawa, makarani walizikusanya, makarani waliziweka katika mafaili. Wataalamu waliondolewa kwa mamia.

Wakuu wenye elimu ile kubwa walifanya nini? Twatoa wawili.

Martin Heidegger alizaliwa Messkirch mwaka 1889, mwana wa mtunza kanisa, akasomeshwa kwa fedha za kanisa kama wengi wetu tulivyosomeshwa na misioni. Alipata udaktari Freiburg mwaka 1913, akawa msaidizi wa mwanafalsafa Edmund Husserl, akaitwa Marburg mwaka 1923. Mwaka 1927 alitoa kitabu chake kikubwa, na mwaka uliofuata akaitwa arudi Freiburg kukishika kiti cha Husserl mwenyewe, aliyestaafu. Basi huyu alipanda ngazi yote, kipago kwa kipago. Katika Aprili 1933 rekta wa Freiburg, bingwa wa mwili wa binadamu aitwaye Möllendorff, alijiuzulu baada ya siku chache tu kitini. Maprofesa waliobaki wakamchagua Heidegger tarehe 21 Aprili. Tarehe 1 Mei aliingia katika chama cha Hitler. Mwaka ule ule katiba mpya ya vyuo vya jimbo lile ilifuta uchaguzi: rekta akawa kiongozi aliyewekwa na waziri, na Heidegger aliikubali kazi kwa masharti hayo.

Haki itendeke hata kwake. Aliandika barua kuomba wataalamu wawili wa asili ya Kiyahudi waachwe kazini, mmoja wao Georg von Hevesy wa kemia. Lakini huyo huyo alimchongea serikalini mwanakemia wa chuo chake, Hermann Staudinger, akashauri aondolewe. Aliacha urekta mwezi Aprili 1934, na katika chama alibaki hata 1945. Katika hospitali ya chuo kile kile alikuwako daktari kijana, Hans Krebs, aliyefukuzwa mwaka huo kwa ajili ya asili yake, akakimbilia Cambridge. Miaka 20 baadaye, mwaka 1953, tuzo ya Nobel ya kemia alipewa Staudinger, na ile ya uganga ikawa nusu yake ya Krebs. Chuo kimoja, mwaka mmoja, watu wawili. Mmoja alichongewa na mmoja alifukuzwa.

Wa pili ni Eugen Fischer, na habari zake zaligusa bara letu. Yeye alikuwa daktari na bingwa wa mwili wa binadamu katika Freiburg hiyo hiyo. Mwaka 1908 alikwenda Rehoboth, katika nchi iitwayo leo Namibia, akawapima watu wa huko, wazao wa makaburu na wanawake wa Kikhoi: vichwa vyao, nywele zao, rangi ya macho yao. Kwa vipimo hivyo alitoa kitabu mwaka 1913, akafundisha kwamba kuchanganya damu kwadhuru. Kitabu hicho ndicho kilichomjengea jina. Mwaka 1927 alipewa uongozi wa taasisi kubwa huko Berlin, na mwaka 1933 akawa rekta wa Chuo Kikuu cha Berlin, kiti kile kile cha Hegel na Planck. Mwaka 1937 serikali ile iliwakusanya kwa siri watoto mia kadhaa, ambao mama zao walikuwa Wajerumani na baba zao askari wa jeshi la Ufaransa waliotoka Afrika na makoloni mengine, ikawahasi wasizae. Fischer alikuwa miongoni mwa wataalamu waliohusika kuwapima. Alifariki mwaka 1967, mzee wa miaka 93.

Mtu huyu hakupungukiwa na hati hata moja. Ukitaka kumpinga kwa kusema hakusoma, huwezi.

Turudi nyuma mwezi ule wa Aprili 1933, tuvuke bahari. London palikuwa na mkuu wa chuo ambaye ngazi yake ilikuwa nyingine. William Beveridge alizaliwa Rangpur, katika Bengal, mwaka 1879, mwana wa hakimu wa serikali ya India. Alisoma Oxford, akapata nafasi ndogo ya kisomo huko, kisha akaandika katika gazeti, na mwaka 1908 akaingia Wizara ya Biashara. Huko alizianzisha ofisi za serikali za kuwatafutia kazi wasio nayo. Wakati wa vita alikuwa katika kazi ya chakula, na mwaka 1919 alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Chakula. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu wa mafaili. Kutoka mezani pale, mwaka ule ule wa 1919, aliitwa kuongoza chuo cha uchumi cha London kiitwacho London School of Economics.

Hatusemi alikuwa malaika. Wengi wa maprofesa wake walimwona mkali, mtu wa kuamuru kama aliye bado wizarani, na mpaka anaondoka mwaka 1937 mapatano hayakuwa mema. Lakini mwaka 1933 alikuwa Vienna kwa safari, akasoma gazetini orodha ya maprofesa waliofukuzwa Ujerumani. Aliporudi London hakungoja. Mwezi Mei palikuwa na baraza la kuwasaidia wataalamu hao, rais wake akiwa Ernest Rutherford, bingwa wa fizikia wa Cambridge. Walimu wa chuo cha Beveridge walikubali kutoa sehemu ya mishahara yao. Tarehe 3 Oktoba Einstein alisema mbele ya maelfu ya watu katika jumba la Albert Hall ili fedha zikusanywe. Miongoni mwa waliosaidiwa na baraza hilo, 16 walikuja kupata tuzo ya Nobel. Baraza lingaliko hata leo, kwa jina jingine, likiwasaidia wataalamu wanaokimbia nchi zao.

Kazi ya baraza ilikuwa kazi gani hasa? Ilikuwa barua. Kumwandikia mkuu wa chuo kuuliza kama ana nafasi, kuweka kumbukumbu za kila mkimbizi, kuomba ruhusa ya kuingia nchini, kuhesabu fedha hata senti. Aliyeibeba kazi hiyo ni katibu wake, Walter Adams, mwalimu wa historia wa miaka 26 tu, aliyeacha kufundisha ili ashike kalamu ya ukatibu. Hakuandika kitabu cha kutikisa dunia. Karani mwema aweza kuelewa alichokifanya mtu huyu kuliko profesa.

Tungependa kumwacha Adams hapo, lakini habari si hadithi ya kupendeza wasikilizaji. Mwaka 1938 akawa katibu wa London School of Economics. Tangu 1946 akawa katibu wa baraza lililosimamia vyuo vya juu katika makoloni, Makerere kikiwamo. Mwaka 1955 alipelekwa Salisbury kukiongoza chuo kikuu kipya cha Rhodesia na Nyasaland, kilichopokea weusi na weupe katika nchi ya ubaguzi. Novemba 1965 walowezi wa Ian Smith wakajitangazia uhuru wao, na mwaka 1966 walimu na wanafunzi wa chuo chake wakakamatwa. Basi ilipotangazwa kwamba Adams atarudi London kuwa mkuu wa chuo cha Beveridge, wanafunzi wa huko wakainuka: walisema hakusimama imara mbele ya serikali ya ubaguzi. Watetezi wake walisema alikuwa akikilinda chuo kisifungwe, mahali pekee katika nchi ile ambapo kijana mweusi na mweupe waliketi darasa moja. Januari 1967, katika ghasia za mkutano uliokatazwa, bawabu mmoja mzee alishikwa na moyo akafa. Wanafunzi walikalia majengo. Mwaka 1969 walivunja milango ya chuma iliyowekwa kuwazuia, na chuo kikafungwa kwa majuma kadhaa. Adams alidumu hata 1974.

Tumebishana sisi kwa sisi juu ya mtu huyu, na hatukupatana. Mmoja wetu asema ni yule yule wa 1933, mtu wa kuokoa kinachookoleka kwa barua na subira. Mwingine asema barua na subira zatosha pale adui yuko ng'ambo, bali zapungua pale adui ndiye mwenye kukulipa ruzuku. Tunaliacha mbele yenu.

Juu ya siku za karibuni tutapita upesi. Uingereza imeacha zamu. Huko Cambridge tangu 1992 Makamu wa Chansela ni kazi ya wakati wote, na vyuo vingi leo hutangaza nafasi hiyo, mtu akaomba, akahojiwa na kamati. Kwa hiyo njia zimekuwa nyingi. Louise Richardson, mzaliwa wa mji mdogo wa Tramore katika Ireland, alipanda kwa kisomo: udaktari na ualimu Harvard, ukuu wa St Andrews katika Scotland mwaka 2009, kisha Oxford kuanzia 2016 hadi 2022, mwanamke wa kwanza katika viti vyote viwili. Huko St Andrews kilabu mashuhuri cha golfu kilikuwa na desturi ya kuwapa wakuu wa chuo uanachama wa heshima; yeye hakupewa, kwa kuwa wanawake hawakuingizwa. Hati zake hazikufungua mlango ule mpaka wanakilabu walipopiga kura kuibadili sheria yao mwaka 2014.

John Hood wa New Zealand alikuja Oxford mwaka 2004 baada ya miaka mingi katika biashara na mitano ya kuongoza chuo cha Auckland. Alitaka baraza la chuo lishikwe zaidi na watu wa nje. Walimu wa Oxford, ambao wana bunge lao wenyewe, walilikataa jambo hilo kwa kura mwaka 2006, naye akaondoka mwaka 2009. Hapo twaona kitu ambacho hoja yetu haikukitaja: si namna ya kumpata mkuu tu, bali kama wanaoongozwa wana sauti ya kumwambia hapana. Freiburg waliipoteza sauti hiyo mwaka 1933; Oxford wangali nayo.

Na katika kiti cha Beveridge alikaa tangu 2017 hadi 2023 mzaliwa wa Afrika, Minouche Shafik wa Aleksandria, Misri. Ana udaktari wa uchumi wa Oxford, lakini ngazi yake ilikuwa ya utumishi: Benki ya Dunia, kisha Katibu Mkuu wa wizara ya Uingereza ya misaada kwa nchi za nje, kisha Naibu Gavana wa Benki Kuu. Kutoka London alikwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwezi Julai 2023. Mwaka uliofuata wanafunzi walipiga mahema uwanjani kwa ajili ya vita vya Gaza, polisi wakaitwa, na mwezi Agosti 2024 akajiuzulu, akilaumiwa na pande zote mbili.

Bwana Mwenyekiti, hoja ya mwezi uliopita ilisema kwamba Ulaya humkalisha kitini aliyesoma kuliko wote. Kwa tuliyoyaona, Ulaya imemkalisha mwanafunzi, mwalimu wa zamu, mteule wa waziri, mfanya biashara na mtu wa mafaili, kila mmoja kwa zama zake na kwa sababu zake. Sisi tutaipinga hoja hiyo, wala hatuoni haya kusema hivyo mapema. Yapo bado mambo ya Ufaransa na Uswisi ambayo hatukuyagusa, na nafasi ya maswali imebaki ndogo. Aliye na swali na aulize.